Nyumba ni yangu, ndoa si yangu: gharama za kesi nitalipwa na nani?

Swali: Mwanangu wakili, hujambo. Nina miaka 63, ni mjane, mwenyeji wa Morogoro. Kiwanja nilinunua mwaka 2004, nikajenga kidogo kidogo kwa pesa za mama lishe mpaka nikapaua mwaka 2011. Kijana wangu alipooa mwaka 2013 niliwaachia wakae pale, mimi nikahamia kwa dada yangu Mikese. Sasa mkwe wangu amefungua shauri la talaka Mahakama ya Wilaya, na nyumba yangu ameiandika kwenye orodha ya mali za ndoa. Kijana akasema nyumba ni ya mama, hakimu akaagiza niunganishwe kwenye shauri. Wakili nimeshampa milioni 1.8, bado anadai milioni 1.2. Nimekwenda mahakamani mara saba. Uzio, nisiseme uongo, ni mkwe aliyeujenga kwa pesa za kikoba chake. Mimi sikuolewa na mtu humo ndani wala sikuachika. Nikishinda, nani atanirudishia hela yangu? Na nikishindwa je?

Jibu:

Mama, shikamoo. Pole kwa safari zote hizo, na ahsante kwa kuutaja uzio bila kuulizwa. Utaona huko mbele kwamba uzio huo ndio unaoweza kukupa au kukunyima gharama zako.

Nianze na jibu fupi ili usisome ukiwa na wasiwasi. Ukishinda, unayo haki ya kuiomba mahakama iamuru ulipwe gharama za kesi. Lakini hazitakuja zenyewe, hazitarudi zote, na yapo mazoea mahakamani yanayoweza kuzifuta kwa sentensi moja kama hujajiandaa. Ukishindwa, unaweza kuamriwa kulipa za mwenzako juu ya zako. Na sehemu kubwa ya haya inaamuliwa na unachofanya sasa, kabla hujapanda kizimbani kutoa ushahidi. Wengi hukumbuka suala la gharama siku ya hukumu, wakati hakuna tena kinachoweza kurekebishwa.

Sheria yetu ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kwenye kifungu cha 30 kwa namba tuliyoizoea, inaiachia mahakama uamuzi wa nani alipe gharama na kiasi gani. Kanuni iliyojengeka ni kwamba anayeshindwa humlipa aliyeshinda. Hakimu anaweza kuacha kanuni hiyo, ila kifungu hichohicho kinamtaka aandike sababu zake. Shika maneno hayo, aandike sababu, maana ndiyo nguzo ya jibu langu.

Tatizo ni kwamba kwenye mashauri ya ndoa sababu hiyo imekuwa kama mhuri. Soma hukumu kumi za talaka, nyingi zitaishia hivi: kwa kuwa hili ni shauri la kifamilia, kila upande utabeba gharama zake. Kwa mume na mke naielewa busara hiyo na mara nyingi naiunga mkono. Hawa watu wana watoto, kesho watakutana kwenye kikao cha shule au msibani, na kumwongezea mmoja wao deni la mwenzake ni kutia chumvi kwenye kidonda. Isitoshe, katika talaka ni nadra kusema nani hasa ameshinda: huyu kapata nyumba, yule kapata gari, watoto wamekwenda kwa mama, matunzo yatatoka kwa baba.

Wewe hali yako ni tofauti. Hukuja kugawana kitu na mtu. Umeitwa ujibu swali moja tu, nyumba ile ni ya nani, na swali hilo lina mshindi na mshindwa kama shauri lolote la ardhi. Lingefunguliwa peke yake, wewe na mkwe wako tu, hakuna ambaye angeshangaa kuona aliyeshindwa akilipa. Kulibebesha ndani ya shauri la talaka hakukugeuzi wewe kuwa mwanandoa. Hoja hii ni yako, ni ya haki, na mahakimu niliowahi kuwaeleza kwa utulivu waliisikiliza hata pale ambapo hawakuikubali yote. Ila lazima isemwe, na isemwe mara mbili: kwenye majibu yako ya maandishi, na kwenye hoja za mwisho baada ya ushahidi.

Kwa hiyo jambo la kwanza, mwombe wakili wako nakala ya majibu aliyoyapeleka mahakamani kwa niaba yako. Tazama ukurasa wa mwisho, pale panapoorodheshwa nafuu unazoomba. Pameandikwa kwamba unaomba gharama? Zimeombwa dhidi ya nani? Nimeona majibu mazuri sana ya watu walioitwa kama wewe, kurasa nane za historia ya kiwanja, halafu mwishoni: "naomba shauri litupwe." Basi. Hakimu ana uhuru wa kutoa gharama hata kama hukuziomba kwa maandishi, lakini hana wajibu wa kukukumbukia. Kama hazimo, wakili aombe ruhusa ya kurekebisha majibu mapema.

Nakushauri pia ombi hilo liwe na sura mbili. Kwanza, kwamba ukishinda, gharama zako zilipwe na yule atakayeonekana kukuingiza kwenye shauri bila sababu ya msingi, awe mdai au mdaiwa. Pili, kwamba kama huyo atapata mgawo wowote wa mali au fedha katika shauri hilohilo, gharama zako zikatwe hapo. Sababu ya sura ya pili utaiona nitakapofika kwenye suala la kukusanya.

Nimesema mdai au mdaiwa kwa makusudi, na hapa naomba uvumilie, maana nitamgusa mwanao. Mkwe wako ndiye aliyeiandika nyumba. Lakini ilikuwaje akaamini ni yao? Ameishi humo tangu 2013. Kama mumewe alimwambia kwa miaka yote kwamba mama amewapa, au kama aliwahi kuiweka kama mali yake kwenye maombi ya mkopo, mahakama inaweza kuona aliyesababisha uitwe si mke, ni mume. Wakati wa kupanga gharama hakimu huangalia mwenendo wa kila mmoja: nani alificha, nani alisema uongo, nani alikataa kuona karatasi zilizokuwa wazi. Mwenendo wako nao utaangaliwa. Ukiulizwa kama uliwahi kumwambia mkwe kwamba nyumba ni yako na wao ni wageni tu, utajibu nini? Jiandae kulijibu kwa ukweli.

Ndiyo maana pia nina wasiwasi na jambo ambalo hukulisema ila nimelikuta mara nyingi: mama na kijana kutumia wakili mmoja. Kwa nje ni kubana matumizi. Kwa ndani kuna hasara mbili. Wakili huyo hawezi kuomba gharama zako zilipwe na kijana, kwa kuwa naye ni mteja wake. Na siku ya kuandaa ankara ya gharama, yaani orodha ya matumizi unayodai ulipwe, upande wa pili utauliza ni shilingi ngapi kati ya hizo zilitumika kwa ajili yako na ngapi kwa ajili ya mume, na kama mahesabu hayajatenganishwa tangu mwanzo, ofisa wa mahakama anayeikadiria atakata kwa kukisia. Mbaya kuliko zote, hakimu anaanza kukuona kama pazia ambalo mume amelivuta kuficha mali. Kama wakili wako ni wa peke yako, vizuri. Kama ni mmoja, zungumza naye wiki hii, na risiti zako ziwe kwa jina lako.

Sasa nyumba yenyewe, kwa kifupi, kwa kuwa hili unalo wakili wa kukueleza. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambazo mume na mke wamezichuma kwa juhudi zao za pamoja wakiwa kwenye ndoa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kazi za nyumbani na malezi zinahesabiwa kuwa juhudi. Ni uamuzi mkubwa, umewalinda wanawake wengi, na unamlinda mkwe wako pia kwa vile alivyovichuma na mumewe. Lakini nyumba iliyojengwa na mama mkwe kabla ndoa haijafungwa, kwenye kiwanja cha mama mkwe, haikuchumwa na mume wala mke. Mahakama haiwezi kugawa cha mtu mwingine.

Ushahidi wako ni hati ya mauziano ya 2004 na mashahidi walioisaini, fundi aliyepaua kama yu hai, majirani, na daftari lako la mahesabu kama unalo. Angalia mita ya umeme imesajiliwa kwa jina la nani. Na usibabaike mkwe akileta ujumbe wa LUKU kuonyesha kwamba ndiye aliyekuwa akilipa kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo hukatwa humo humo kwenye umeme, kwa hiyo anayenunua umeme huilipa hata akiwa mpangaji. Haithibitishi umiliki.

Tuje kwenye uzio. Hapa ndipo watu wanaposhinda kesi na kupoteza gharama. Mkwe ametumia pesa za kikoba, pesa zake, kuweka ukuta kwenye kiwanja chako. Hilo halimpi nyumba, lakini linampa la kusema: nirudishieni thamani ya nilichoongeza. Kama wewe utasimama mahakamani na kukataa kila kitu, hata uzio, halafu yeye akaleta fundi na risiti za saruji, hakimu atasema umeshinda nyumba na yeye ameshinda uzio, na kila mmoja abebe gharama zake. Nafasi yako inayeyuka kwa sababu ya tofali mia chache.

Ningekuwa wakili wako ningefanya hivi, na nimewahi kuwafanyia wengine. Ningemwandikia wakili wa mkwe barua ya ukurasa mmoja. Nyumba hii ni ya mama fulani, nakala ya hati ya mauziano hii hapa, iliezekwa 2011, ndoa imefungwa 2013. Tunaomba muiondoe kwenye orodha ndani ya siku 14. Mama anakubali kwamba uzio ulijengwa na mkwe na yuko tayari kurudisha thamani yake kwa tathmini ya fundi tutakayemkubali wote. Mkiiondoa sasa, mama hatadai gharama. Mkiendelea, ataiomba mahakama gharama zote kuanzia tarehe ya barua hii. Kisha barua ipokelewe, igongwe mhuri wa ofisi yao, nakala irudi kwako.

Barua hiyo ina kazi mbili. Ikikubaliwa, umetoka. Ikikataliwa, una karatasi ya kumwonyesha hakimu siku ya hoja za mwisho: aliombwa kwa heshima, alionyeshwa hati, alipewa haki yake ya uzio, akachagua kuendelea. Hapo hata hakimu mwenye mazoea ya "kila upande ubebe zake" anapata taabu kuandika sababu za kukunyima.

Tuseme umeshinda na amri ya gharama imetoka. Soma aya ya mwisho ya hukumu kwa macho yako mwenyewe, au isomewe mbele yako. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, na hata hukumu ikiandikwa kwa Kiingereza unayo haki ya kueleweshwa. Kama aya hiyo haisemi chochote kuhusu gharama, huna amri, na bila amri hakuna ankara. Wakili asiondoke hapo bila kuuliza.

Amri nayo haitaji kiasi. Inasema tu ulipwe. Kiasi kinapatikana kwa hatua nyingine inayoongozwa na kanuni za malipo ya mawakili za mwaka 2015. Wewe, uliyepewa gharama, unapeleka ankara ndani ya siku 60 tangu tarehe ya amri. Siku hizi 60 zimewaponyoka watu wengi kuliko hoja yoyote ya kisheria. Watu wanashangilia hukumu, wanakwenda kupumzika, wakirudi zimefika 75 na inabidi kuanza kuomba muda na kueleza kila siku iliyochelewa.

Ankara ni jedwali refu. Kila mstari una tarehe, kazi iliyofanyika na kiasi: kupokea maelekezo ya mteja, kuandaa majibu, kuhudhuria tarehe fulani shauri likaahirishwa, kuhudhuria tarehe nyingine mashahidi wawili wakasikilizwa, ada ya kusajili, nakala, nauli ya shahidi. Ofisa wa mahakama mwenye kazi ya kukadiria, ambaye ni msajili au hakimu kutegemea ngazi ya mahakama, anapita mstari kwa mstari huku upande wa pili ukipinga. Hapa hakuna anayejali ulimlipa wakili wako kiasi gani kwa mapatano yenu. Ofisa anauliza kiasi gani ni stahiki kwa viwango vilivyowekwa na kwa ugumu wa shauri. Mahakama ya Rufani imekwisha kueleza kwamba kwa ada ya wakili risiti si sharti, kwa kuwa vipo viwango vya kukadiria. Lakini nauli, nakala, posho za mashahidi na matumizi mengine ya mfukoni yanataka ushahidi. Zile safari zako saba kutoka Mikese, kama hukuhifadhi tiketi hata moja, zitakatwa nyingi.

Ipo hatari nyingine katika hatua hii. Kanuni zinasema ukikatwa zaidi ya sehemu moja ya sita ya ankara, bila kuhesabu ada za mahakama, unapoteza gharama za kushughulikia ankara yenyewe. Tuseme umeomba 3,600,000. Sehemu ya sita ni 600,000. Ofisa akikata 700,000 utabaki na 2,900,000, lakini kazi yote ya kuandaa na kutetea ankara hiyo itakuwa juu yako. Kwa hiyo usikubali ankara iliyovimbishwa kwa matumaini kwamba "watakata tu". Asiyeridhika na makadirio anaweza kwenda kwa jaji wa Mahakama Kuu ndani ya siku 21.

Ukiniuliza utarudishiwa kiasi gani katika hizo milioni 3 zako, sitakupa namba, maana kila ofisa ana jicho lake. Nitakuambia tu nisichowahi kuona: mtu kurudishiwa kila shilingi aliyotoa. Panga maisha yako ukijua kwamba sehemu ya pesa hiyo imekwenda. Na kwa hiyo milioni 1.2 inayobaki, muulize wakili wako maswali manne kabla hujailipa: inafika mpaka hukumu au mpaka ushahidi tu? Kuandaa ankara ya gharama kumo au ni malipo mengine? Mkwe akikata rufaa tunaanza upya? Na risiti ya mashine ya EFD naipata leo? Wakili mwema hakasiriki kuulizwa hayo. Kama hamna mkataba wa maandishi, uandikwe sasa.

Halafu lile uliloliogopa, kushindwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimwakilisha mke katika shauri ambalo aliunganishwa fundi wa friji, kijana mpole, aliyenunua nyumba kutoka kwa mume miezi michache tu kabla ya shauri la talaka kufunguliwa. Alikuwa na hati ya mauziano, saini ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi wawili. Hakuwa na kitu kimoja: ridhaa ya mke, aliyekuwa akiishi humo humo ndani na watoto wakati mnunuzi anapima vyumba. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa hakimruhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mauzo yakabatilishwa. Na gharama? Mume na fundi wakaamriwa kumlipa mke, kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana ya maneno hayo ni kwamba mke angeweza kumfuata yeyote kati yao kwa deni lote, na mume hakuwa na kitu. Nilishinda kesi ile na mteja wangu alistahili kabisa. Lakini nakumbuka yule kijana ukumbini, ameshika hati yake iliyolaminishwa, akiniuliza mimi, wakili wa upande wa pili, kama ni kweli sasa anadaiwa deni la watu wawili. Hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba aliyeunganishwa naye anaweza kulipishwa.

Kwa hiyo jua, mama: ile busara ya "shauri la kifamilia" inayoweza kukunyima gharama ukishinda, haikulindi kwa uhakika ukishindwa. Ikionekana ulikuja kumfichia mwanao mali, hakimu atakuona mtu wa nje aliyesogea kwa hiari yake, na utalipa. Kwa maelezo yako sioni dalili hiyo. Ila kama kuna chochote hukuniandikia, kwa mfano uliwahi kusaini karatasi ya kumpa kijana kiwanja, hata kama ni kwa mjumbe tu, hata kama mlifanya ili apate mkopo, mwambie wakili wako leo. Karatasi ya namna hiyo ikitoka mkononi mwa mkwe katikati ya ushahidi wako, itaharibu nyumba na gharama kwa pamoja.

Huenda umesikia kwamba ungeweza kukaa kimya, ukaja kuweka pingamizi wakati wa kukazia hukumu, yaani mahakama inapoitekeleza. Ni kweli njia hiyo ipo, na kwa mtu ambaye hakujua chochote kuhusu shauri ni njia halali kabisa. Kwa mama mzazi aliyejua tangu siku ya kwanza, siipendi. Pingamizi la kuchelewa hunuka njama, na likikataliwa inabidi ufungue shauri jipya kuthibitisha haki yako, yaani gharama mara mbili. Kuja kama shahidi tu wa mwanao kungekuwa rahisi, na hungeweza kulipishwa, lakini pia usingepata zaidi ya nauli ya shahidi, wala usingekuwa na sauti ya kukata rufaa. Kuunganishwa kwako, pamoja na maumivu yake, ilikuwa amri sahihi.

Suala la kukusanya ndilo la mwisho. Deni la gharama ni deni kama mengine, linakaziwa kwa kukamata mali. Lakini jiulize mkwe wako ana nini cha kukamatwa. Kama anaishi kwa biashara ndogo na kikoba, unaweza kuwa na amri nzuri ukutani na mfuko mtupu. Ndiyo maana nilitaka ombi lako liseme zikatwe kwenye mgawo wake, kama upo kiwanja kingine, pikipiki, akiba au chochote ambacho yeye na mwanao watagawana. Na thamani ya uzio inaweza kutolewa humo humo: unamdai, anakudai, tofauti ndiyo inayolipwa.

Nawe una la kulipima moyoni ambalo mimi siwezi kulipima. Huyu ni mama wa wajukuu zako, kama wapo. Nimeona akina mama wakishinda gharama, wakazisamehe, na kwa msamaha huo wakaendelea kuwaona wajukuu kila likizo. Nimeona pia wengine waliosamehe wakabaki na deni la wakili ambalo liliwala mtaji wote wa biashara. Sitakuchagulia. Nakuomba tu kama utasamehe, usamehe ukiwa na amri mkononi au ndani ya makubaliano yaliyoandikwa, yakasainiwa na kurekodiwa na mahakama kuwa amri. Msamaha wa mdomo ukumbini husahauliwa kabla mtu hajapanda daladala.

Kama ile milioni 1.2 itakushinda, usiache kesi katikati. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliweka utaratibu wa huduma hiyo kwa wasio na uwezo. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, huwasaidia wanawake katika mambo ya ndoa na ardhi, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imekuwa ikifika mikoani. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako itakuelekeza pa kuanzia. Hata kama watakuandalia tu ile barua ya uzio na ankara ya mwisho, watakuwa wamekuokolea pesa.

Tarehe yako ijayo, nenda na daftari jipya. Kila safari andika siku, nauli ya kwenda na kurudi, shauri liliahirishwa au lilisikilizwa, na nani hakufika. Tiketi ibandike pembeni kwa gundi. Zile saba zilizopita zijaze leo ukiwa bado unazikumbuka, ukisaidiwa na dada yako. Mwenendo wa shauri ulioandikwa na mahakama utathibitisha tarehe zenyewe.